Mkono wa Kushoto Unasubiri

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza, na mvua nayo. Paa la karakana ya chuo ni bati tupu. Ikinyesha, tunafungua midomo na hakuna anayesikia.

Mwalimu wa uzalishaji ametupanga makundi kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Kila kundi litatengeneza bawaba za milango kwa kupokezana: bamba la chuma linakatwa kwenye presi, linatobolewa, linakunjwa, linatiwa pini, linakaguliwa. Siku yenyewe atakuja mtahini kutoka kiwandani. Kundi lisilotoa bawaba mia mbili kabla ya adhuhuri linarudia muhula.

Sisi ni wanne. Kidevu, mwenye ndevu anazozichana kuliko nywele, yuko kwenye presi. Yeye tayari anarudia. Chiriku, msichana asiyenyamaza hata akitafuna, yuko kwenye mashine ya kutoboa. Mheshimiwa, anayeongea kama anaomba kura, anakunja na kutia pini. Mimi napima muda na kukagua. Kabla ya saa nne walikuwa wameshaniita Dada Saa.

Mwalimu aliniuliza kama nitaweza kukaa karibu na presi. Nikasema ndiyo. Wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Wanajua kaka yangu alikufaje.

Nyumbani nilimkuta mama mlangoni. "Lete mikono," akasema. Nikampa. Akaitazama viganja, akaigeuza, ndipo akaitikia salamu yangu. Ndivyo anavyonipokea tangu tumzike kaka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Umeme ulikatika. Tulifagia karakana tukarudi nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeiangalia presi vizuri kwa mara ya kwanza. Ni ya zamani, rangi imebanduka. Ina vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vimetenganishwa makusudi. Haishuki mpaka vyote viwili vibonyezwe kwa pamoja. Unaweka bamba, unaondoa mikono, unabonyeza, kisu kinashuka. Mikono yako ikiwa kwenye vitufe, haiwezi kuwa mahali pengine.

"Kama kumpigia mtu mzima saluti mbili," Kidevu akasema.

"Piga hata tatu, mradi utoe mabamba," Chiriku akamjibu. "Mimi huku nimekaa kama niko msibani."

Halafu akanitazama, akashika mdomo. Nikamwambia hakuna neno. Na kweli hakuna. Watu wakijichunga sana mbele yangu ndipo ninapochoka.

Kaka alikuwa kwenye presi ya vifuniko, kiwanda cha makopo. Hiyo ndiyo iliyomkata mkono, akafia hospitali. Alipenda utani wa mezani. Mwezi wake wa mwisho alisema, huku akijipakulia, "Siku hizi nafanya kazi kwa mkono mmoja. Huu wa pili uko likizo." Tukacheka. Mama akamwambia basi huo ulio likizo uoshe vyombo.

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu ametufundisha chati ya mikono miwili. Karatasi unaigawa safu mbili, mkono wa kushoto na mkono wa kulia, kisha unaandika kila mmoja unafanya nini, kitendo kwa kitendo. Miwani yake huning'inia kifuani, na akitaka kusisitiza jambo huivaa.

"Mkono unaosubiri ni hasara," akasema, akaivaa.

Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia Kidevu asubuhi nzima. Mkono wa kulia: unachukua bamba, unaweka, unabonyeza, unatoa. Mkono wa kushoto: unabonyeza. Baada ya hapo niliandika "unasubiri, unasubiri, unasubiri" mpaka chini ya ukurasa, nikayazungushia yote wino mwekundu.

Mwalimu aliibandika chati yangu ukutani. Sijawahi kubandikwa ukutani. Nilipita hapo mara kadhaa nikijifanya natafuta ufagio.

Ijumaa, 15 Machi

Bawaba ya mlango wa chumba cha kaka inalia. Yeye alikuwa akiitia mafuta kwa unyoya wa kuku. Sasa hakuna anayeigusa, mama anauacha mlango wazi na kuuzuia kwa kikabari cha mbao. Kikabari hicho kilirudi na nguo zake kutoka hospitali, kilikuwa kimetiwa mfukoni mwa ovaroli. Hatukujua alikuwa nacho cha nini. Kimechongwa vizuri, na upande mmoja kimelainika kwa kushikwa.

Jumatano, 20 Machi

Jaribio la kwanza. Adhuhuri ilipofika hatukuwa tumekaribia lengo. Kila kitu kilikuwa kinaisubiri presi.

"Ndugu zangu," Mheshimiwa akasimama juu ya kigoda, "kundi hili lina tatizo la kihistoria."

"Tatizo lina ndevu," Chiriku akasema.

"Njoo ukae wewe basi!" Kidevu akafoka. "Mnadhani mimi nacheza? Nakata, natoa, nakata, natoa, mnataka nikate na meno?"

Akaitupa glavu. Sijapenda. Kaka alikuwa akiweka glavu zake moja juu ya nyingine, vidole vikielekea upande mmoja. Nimeandika moyoni kwamba huyu ni mtu wa hasira na hana utaratibu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Jaribio la pili. Vilevile.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwonea Kidevu. Leo mvua ilitukuta getini na mwavuli wake una mbavu mbili zilizovunjika, akaniwekea mimi upande mzima. Akaniambia baba yake amemweleza wazi kwamba akirudia tena, asahau chuo, akaungane na wajomba zake machimboni kupasua mawe.

"Yeye mwenyewe alipasua mawe," akasema. "Kifua chake ukikisikia usiku, Dada Saa, ni kama mtu anavuta gunia sakafuni. Na bado anataka niende huko."

"Labda anakutisha tu."

"Hujamjua. Baba hatishi. Anapanga."

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kaka yangu alizembea. Ndivyo alivyosikia. Ndivyo alivyosema yule bwana wa kiwanda siku ya mazishi, akiwa ameshika kofia yake: alizembea kidogo, bahati mbaya. Mama aliliokota neno hilo na hajalitua mpaka leo. Mtoto aliyejifunga kamba za viatu mafundo mawili, mzembe?

Nilimwambia Kidevu sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Jumanne, 2 Aprili

Tumevuka lengo! Sina namna nyingine ya kuandika. Presi ilianza kukimbia kama imepewa moyo mpya. Nilipima mara ya kwanza nikadhani nimekosea, nikapima tena. Muda wa kukata bamba umepungua karibu theluthi nzima. Chiriku alishindwa hata kuongea, mabamba yalimjia mfululizo. Mheshimiwa aliapa kwamba akichaguliwa atamfanya Kidevu waziri.

"Kidevu, umekula nini leo?" Mwalimu akauliza, akaivaa miwani kuisoma karatasi yangu ya muda.

"Nimeisoma chati ya Dada Saa, Mwalimu," akajibu.

Mwalimu akacheka, akanipiga bega, akaenda kundi lingine. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama alipoitazama mikono yangu akaniuliza, "Imefanya nini leo mpaka imefurahi hivi?"

Ijumaa, 5 Aprili

Nataka kuandika hili polepole.

Leo hakukuwa na mvua. Jua liliingia kwa dirisha la juu likaanguka moja kwa moja kwenye presi. Nilikuwa nimeinama kuokota bawaba iliyodondoka, na kutoka kule chini nikakiona kitufe cha kushoto. Kilikuwa kimebonyea. Hakikuwa kinapanda wala kushuka. Kati ya kitufe na ukingo wake kulikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli, kimekunjwa, kimeshindiliwa.

Mkono wa kushoto wa Kidevu haukuwa unasubiri tena. Ulikuwa ndani, chini ya kisu, unasukuma bamba. Mkono wa kulia ndio peke yake uliokuwa unabonyeza. Unasukuma, unatoka, unabonyeza. Unasukuma, unatoka, unabonyeza. Akichelewa kutoa mmoja au akiwahi kubonyeza mwingine, basi.

Nilisimama. Nilingoja anyanyue uso.

"Toa," nikamwambia.

"Nini?"

"Unajua nini."

Akatazama kama Mwalimu yuko karibu. "Dada Saa, tulia. Nimezoea. Naihesabu kama muziki."

"Toa, Kidevu."

"Wewe ndiye uliyeandika!" Hakufoka, alinong'ona, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wino mwekundu kabisa. Mkono wa kushoto unasubiri. Nimeupa kazi. Si ndivyo mlivyotaka wote?"

Chiriku na Mheshimiwa walikuwa wamesogea. Walikuwa hawajui, niliona nyusoni mwao. Lakini walipojua, hakuna aliyesema atoe.

"Ni siku moja tu ya mtihani," Chiriku akasema. "Akiwa makini?"

"Tuliangalie suala hili kwa mapana," Mheshimiwa akaanza, akaishia hapo.

Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi. Ndipo utani wa mezani uliponirudia. Huu wa pili uko likizo. Na kile kikabari cha mbao, kilicholainika upande mmoja kwa kushikwa kila asubuhi.

Hakikuwa cha mlango.

Kumbe kwenye kiwanda cha makopo pia kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda na saa mkononi, akaandika kwamba mkono wa kushoto unasubiri. Miezi yote hii nimekuwa nikimfikiria mtu aliyemharakisha kaka yangu kazini, nikimpa uso mbaya. Leo sikuweza kumpa uso wowote isipokuwa huu wangu. Huenda naye alibandikwa ukutani.

Nyumbani mama alisema lete mikono. Nilimpa nikatazama pembeni.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu nimweleze. Nilikuwa nimeshika kitasa. Akaniona kupitia kioo, akatabasamu: "Dada Saa! Kundi lenu ndilo ninalolitegemea. Nimeshamwambia mtahini." Nikasema nimekuja kuazima rula. Akanipa rula.

Nilirudi kwa Kidevu nikamwambia nitafanya hesabu upya, nitazitafuta zile sekunde mahali pengine, ila mpira utoke. Akauchomoa mbele yangu akautia mfukoni.

"Haya. Nimeahidi."

"Utupe."

"Nimeahidi, Dada. Unataka niandike?"

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kutwa. Nimehamisha sanduku la mabamba likae usawa wa kiwiko. Tumepata kidogo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemsogeza Chiriku karibu na presi, sasa anapokea bamba bila kunyanyuka. Tumepata kidogo tena. Mheshimiwa amejifunza kutia pini bila kutoa hotuba. Kidevu anabonyeza kwa mikono miwili, ameuma meno, haongei na mtu. Tumekaribia, lakini bado hatujafika.

Chiriku ameacha kuniita Dada Saa. Hanipi jina lolote.

Jumatatu, 15 Aprili

Jaribio la mwisho kabla ya mtihani. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka. Tumebakiza bawaba chache kufikia lengo, chache kiasi kwamba zinaenea kwenye kofia.

Kidevu alizitazama zile nafasi tupu kwenye trei, halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Jumatano, 17 Aprili

Mtahini alikuja na kofia ngumu mpya, kibandiko cha dukani bado kiko juu yake. Alitembea mikono nyuma. Mwalimu alimfuata nyuma kidogo, miwani ameivaa muda wote.

Tulianza vizuri. Tulikuwa juu ya mstari wa lengo, nami nilikuwa nautia alama kwa penseli. Halafu mvua ikaja. Ilipiga bati mpaka tukawa tunaonyeshana kwa vidole. Taa zikafifia. Presi ikaanza kushuka kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa. Trei ya Chiriku ikawa tupu. Ya Mheshimiwa ikawa tupu. Mstari wangu wa penseli ukaanza kuteremka, na mtahini akainama kuutazama, akatikisa kichwa.

Baadaye umeme ulitengemaa kidogo. Trei zikaanza kujaa tena. Chiriku akanionyesha dole gumba, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa.

Nilipima presi. Saa ikanipa muda ule ule wa tarehe mbili Aprili.

Sikuhitaji kutazama kitufe. Saa ilikuwa imeshaniambia. Lakini nilitazama. Mpira ulikuwa mahali pake, mweusi, na mkono wa kushoto wa Kidevu unaingia na kutoka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Mtahini, kando yangu, alikuwa anatabasamu. Akaniinamia sikioni ili nisikie: "Sasa hii ndiyo kazi."

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Niliwaza kwamba kama sitatazama, zitapita. Kidevu atafaulu, hatakwenda machimboni, Chiriku atanirudishia jina langu. Pengine ndivyo ambavyo ingekuwa. Hakuna atakayejua kamwe, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Mkono usiokatika hauachi ushahidi wowote.

Niliweka saa mezani. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine zote kiko kwenye nguzo, nyuma ya kigoda changu. Nilikipiga kwa kiganja.

Karakana nzima ilinyamaza ikabaki mvua. Kisu cha presi kilikuwa juu. Mkono wa Kidevu ulikuwa ndani, haukutoka haraka. Aliutazama kama si wake.

"Nani kasimamisha?" mtahini akapaza sauti.

"Mimi."

"Mashine imeharibika?"

"Hapana, bwana."

"Mtu kaumia?"

"Hapana."

"Sasa nini? Mlikuwa mnakwenda vizuri kabisa!"

Nilitafuta maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya Ijumaa yote ile pale kwenye ngazi, lakini yote yalikuwa yanamtaja Kidevu. Sikuweza kumtaja. Nilisimama tu, kiganja kikiniuma.

Kidevu ndiye aliyechomoa mpira. Alitembea mpaka mbele ya Mwalimu akauweka mkononi mwake.

"Hiki ndicho," akasema. "Dada Saa kadai nitoe tangu zamani. Mimi ndiye niliyerudisha."

Mwalimu aliufunga mpira ndani ya ngumi. Mtahini akatazama saa yake, akatazama trei, akasema kiwandani kwake kusimamisha kazi namna ile ni jambo zito. Mwalimu akamjibu, bila kuinua sauti, "Hapa pia." Halafu akatugeukia sisi.

"Hamkufika. Mtarudia muhula."

Chiriku alilia waziwazi. "Ungengoja, Dada! Zilibaki chache tu, ungengoja!" Nilitaka kumshika mkono akauvuta.

Nyumbani nilimpa mama mikono kabla hajaiomba. Kiganja kilikuwa na alama nyekundu ya duara. Akaigusa.

"Hii nini?"

Nikamkalisha. Nikamweleza vitufe viwili, na mpira, na chati yangu. Nikaenda kukichukua kikabari cha mlangoni nikamwekea mapajani, nikamweleza na hicho. Alikisikiliza kile kipande cha mbao kuliko alivyonisikiliza mimi, alikishika mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walisema mkono wake mmoja umekaa bure," akasema.

"Walisema unasubiri, mama."

"Haukuwa bure. Ulikuwa unamchunga mwenzake." Akakigeuza kikabari. "Mwanangu hakuzembea."

"Hakuzembea."

Hakulia. Aliinuka akauliza unyoya wa kuku uko wapi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu ameibandua chati yangu. Alikuwa peke yake karakanani nilipoingia. "Siku ile hukuja kuazima rula," akasema. "Nilijua. Niliiona ile kasi nikafurahi, sikutaka kuuliza." Akanirudishia karatasi. Nimempenda zaidi kuliko siku aliponibandika.

Mheshimiwa alinikuta getini. "Leo sina hotuba," akasema, tukatembea mpaka barabarani.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimechora chati upya. Safu ya kushoto imenichukua muda mrefu. Pale palipokuwa na "unasubiri" nimeandika "unalinda", mpaka chini.

Chiriku aliisoma juu ya bega langu. Halafu akaniazima kifutio.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imekatika. Kidevu alikuja nyumbani leo mchana, shati limepigwa pasi, ndevu zimechanwa. Alikuja kutoa pole ya kaka, alisema hakuwahi kuitoa vizuri. Baba yake alikasirika siku kadhaa, akamwita kwenda machimboni akamwonyesha mawe. Halafu Kidevu akamsimulia habari ya mpira. Mzee akakohoa, akasema rudi chuoni.

Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa umefungwa, kama milango mingine. Hautoi sauti siku hizi.

Mama alitoka jikoni akijifuta na kanga. Kidevu akainama, "Shikamoo, mama." Mama hakuitikia. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Lete mikono."

Kidevu akanigeukia. Nikamwashiria kwamba atoe. Akainyoosha yote miwili, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. Mama akaishika, akaitazama viganja, akaigeuza, akapitisha kidole chake juu ya kila kidole. Alichukua muda wake. Kidevu alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo.

"Kucha hii ndefu, ikate," mama akasema. "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."